Usilipe kwanza ile pesa

Yaya, mukubwa wangu, jambo,

Barua yako nimeipata jana, nimeisoma mara mbili pale pale mulangoni. Usilipe ile pesa banakuomba ju ya kutoa kitabu, nakuomba sana. Mi mwenyewe nilinaswa vile: nilituma mashairi kwa nyumba moja ya kutoa bitabu, balinijibu mbio mbio eti ni mazuri sana, kiisha chini kabisa baliandika bei ya kutuma mbele. Nilikopa. Mpaka leo sijaona hata jalada yake.

Sisi huku Lubumbashi tumeanza ka-revi ketu, ni kusema ka-gazeti ka maandiko, kadogo kabisa, kurasa 16, ni paka karatasi 4 za fotokopi zimekunjwa katikati. Agrafeze ya kawaida, kale ka-mashine ka kubana karatasi, haifikie pale katikati, njo tunashona na sindano na uzi mweusi wa mama, tuko batu batatu juu ya kitanda changu mu Katuba, mmoja anakunja, mmoja anatoboa, mi nashona, vidole vinauma lakini ukishika ile ya kwanza mukononi, yaya, ni furaha ya ajabu. Pesa ya fotokopi tunachanga.

Unasema unaogopa ju Kiswahili chako ni cha kartie, hakifanane na cha bitabu. Lakini mwaka wa 1965, hapa hapa, muji ungali unaitwa Élisabethville, André Yav aliandika historia ya huu muji mu Kiswahili hiki hiki chetu, kwa ajili ya chama ya batu balikuwa maboyi kwa Bazungu, na hakuomba mutu ruhusa ya namna ya kusema. Mwaka wa 1990 profesa mumoja, Johannes Fabian, akaitoa mu kitabu ku Ulaya, leo ma-profesa banaisoma mustari kwa mustari. Yav aliandika paka vile batu balikuwa banasema nyumbani.

Kwa hiyo ile hadithi ya bibi uliniandikia mu barua usiitengeneze. Pale umeme unakatika na bibi anahesabu franga za mikate mu giza, anazijua kwa kuzipapasa, na anakosana na mwenye deni bila kuinua macho, acha maneno yake vile alisema. Pale njo nililia.

Nitumie hadithi yenyewe ya kutia mu ka-revi mbele ya siku ya posho (samedi). Nimekuwekea kurasa 3. Ikizidi tutaongeza karatasi moja, inaleta kurasa 4 zingine, na uzi ungaliko.

Ni mi, mudogo wako