Kwa shemeji yangu asiyepokea simu zangu

Shemeji,

Nimesikia umepata fundi mpya. Kijana, wanasema, mwepesi wa mikono, habishi. Hongera. Nimesikia pia kwamba msimu ukifunguliwa unarudi kwenye gridi, zile safu za kuanzia mbio, na gari letu la mbio lilelile, na kwamba umelipaka rangi upya, chesisi na mikono ya suspensheni yote, zile bomba zinazoshika magurudumu kwenye chesisi, nyeusi. Hapo kwenye nyeusi ndipo nilipoamua kuandika. Simu hupokei, na ujumbe ninaokutumia unasomwa na kuachwa hivyohivyo. Hapa angalau nitamaliza sentensi zangu.

Usipake nyeusi. Nilikwambia tangu siku tuliyoinunua ile chesisi ikiwa haina hata injini: mikono ya suspensheni ipakwe nyeupe au kijivu hafifu, koti moja jembamba. Si urembo. Ufa wa chuma huanza mdogo kama unywele, na mara nyingi huanzia pembeni ya mshono wa weldingi, pale moto ulipokibadilisha chuma. Kwenye nyeupe utauona, kwa sababu grisi na vumbi la breki huingia ndani yake ukawa mstari. Kwenye nyeusi utapitisha kitambaa juu yake kila Jumamosi, mpaka Jumapili utakapousikia. Mwambie kijana wako.

Kwa wengine mnaosoma: shemeji huendesha Formula Ford, yale magari madogo ya kiti kimoja yenye magurudumu nje, fremu ya bomba za chuma zilizochomelewa pamoja, injini ya cc 1600 mgongoni kwa dereva. Yalianza Uingereza mwaka 1967 ili watu wasio na fedha za kumwaga nao wapate mbio za aina hiyo, na sharti lake linalojulikana kuliko yote ni kwamba hayana mabawa. Hakuna upepo unaokukandamiza chini kwenye kona. Gari linateleza, linataka mikono, na ukijibanza nyuma ya mwenzio kwenye sehemu iliyonyooka, kivuli chake cha upepo kinakuvuta mpaka unampita, naye anakurudia vilevile mzunguko unaofuata. Ndiyo maana ni matamu. Ndiyo maana pia magurudumu yanagusana.

Na magurudumu yaliyo wazi yakigusana si sawa na magari ya kawaida kukwaruzana milango. Tairi la aliye mbele yako, upande wake wa nyuma unazunguka kwenda juu. La kwako, upande wake wa mbele unazunguka kwenda chini. Yakikutana, la kwako linalipanda lile, na gari zima linanyanyuka. Wewe ndiye uliyenionyesha jambo hilo, kwa viganja vyako viwili, kabla sijajua hata kufunga stendi vizuri. Sijui kwa nini nakueleza.

Sikiliza, mazuri sijayasahau. Jumamosi jioni, kufuzu kumekwisha, padoki nzima, pale timu zinapoandalia magari, inanukia petroli na mafuta ya gia, sisi tumetandika turubai nyuma ya gari, tumefungua kifuniko cha giaboksi na meno yote yamepangwa kwa zamu yake. Wewe unataka gia ya nne iwe fupi ili gari liruke likitoka kona ya mwisho. Mimi nakwambia kesho upepo utakuwa wa kisogoni, injini itafika mwisho wake kabla hujafika kwenye breki, utabaki unalia tu na wenzio wanapita. Tunabishana mpaka dada yangu, mkeo, anatuletea taa na kutuambia tuchague, wote tukalale. Hayo ndiyo mabishano yetu niliyoyazoea. Uliyapenda pia, usikatae. Ulikuwa unapoteza makusudi ili nimalize kufunga bolti nikiwa na furaha.

Na moyo wako naujua. Kwenye mkutano wa mbio uliotangulia ulimpa mpinzani wetu mkono wetu wa akiba, wa chini kushoto, kwa kuwa chesisi yake na yetu zimetoka kiwanda kimoja, na wake ulikuwa umepinda huku amebakiwa na mbio moja. Hukumuuliza ataurudisha lini. Nilikupenda kwa hilo. Ndio mkono huohuo tuliokuja kuuhitaji, nao ulikuwa umefungwa kwenye gari lake, safu mbili nyuma yako.

Basi tufike huko.

Mbio ya kwanza uliendesha vizuri kuliko siku zote nilizokuona. Nalisema hadharani. Ulitoka nafasi ya tisa, ulifunga breki ukiwa umechelewa kuliko wote bila tairi kusimama hata mara moja, na mlipofika kwenye kona ya kugeuka nyuma kulikuwa na magari matatu mahali pa mawili. Aliyekuwa nje akafunga njia mapema. Gurudumu lako la mbele kushoto likagusa la kwake la nyuma, pua ikanyanyuka, ikarudi chini. Ukamaliza wa sita. Ukavua helmeti unacheka, umeloa jasho, unamweleza kila mtu jinsi ulivyoiona anga.

Mimi nilikuwa nimeshaweka jeki.

Usukani ulikuwa umelala upande, kwa hiyo nilifunga nyuzi mbili ubavuni mwa gari, nikapima, nikakuta tairi la kushoto linatazama nje. Fimbo ya usukani ilikuwa imepinda. Ya akiba tulikuwa nayo, nikabadilisha, nikarudia alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Nikazungusha rimu, ikawa nzima. Halafu nikafuta mkono wa chini kwa kitambaa, na ule mstari haukufutika. Nikaweka petroli kwenye kitambaa, haukufutika. Nikawasha tochi, nikaiinamisha ili mwanga ulale juu ya chuma: mstari umeanzia kwenye mshono, karibu na jointi ya nje, umezunguka bomba kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Nilikuita. Ulichuchumaa na chupa ya maji mkononi, ukatazama, ukasema, "Rangi hiyo." Nikasema rangi haipasuki yenyewe kama kilicho chini yake hakijajongea. Ukasema, "Rangi, shemeji," ukaondoka.

Kabla ya mbio ya pili, nilipokuwa nakukaza mikanda ya mabegani, nilikwambia tena. Kioo cha helmeti kilikuwa wazi, ulinisikia. Kulia kwetu walikuwepo mafundi wa gari la jirani, kushoto alikuwepo dada na ubao wake wa kukuonyesha nafasi. Ukasema, na hukuisema kwa sauti ndogo: "Shemeji, kazi yako wewe ni spana. Usukani niachie mimi."

Mmoja wa wale mafundi akacheka.

Nimejaribu kulisahau hilo, halisahauliki. Si kwamba ni tusi kubwa. Padoki ina matusi ya kutosha, na mengine nimekutukana mimi. Ila nani alikuwa amelala chali chini ya lile gari usiku wewe ukiwa kitandani? Nani alikuwa anajua kila bolti yake kwa namba na kwa hasira zake? Spana ndiyo iliyokuwa ikikurudisha nyumbani kwa dada yangu kila Jumapili. Ulikuwa unalijua hilo ukasema vile, mbele yake.

Nikaenda kwa mkaguzi wa usalama wa magari. Ndiyo. Kila mtu anasimulia kana kwamba nilikwenda kwa siri. Nilitembea katikati ya gridi ya kusubiria, wewe ukinitazama kwenye kioo cha pembeni. Mkaguzi alikuja na tochi yake, akatazama, hakubishana na mtu, akamtikisia kichwa msimamizi wa lango. Wakakusukuma pembeni. Wenzio wakawasha injini wakatoka. Nawe ukabaki umekaa ndani ya gari, mikanda imefungwa, helmeti kichwani, mbio nzima, hadi bendera ya miraba ikapepea kwa mtu mwingine.

Tulipokuwa tunapakia gari kwenye trela dada aliniuliza swali moja: "Ulimwambia yeye kwanza, au mkaguzi kwanza?" Nilimjibu yeye kwanza, mara mbili. Sijui wewe ulimjibu nini, maana kuanzia siku hiyo naye amekuwa akizungumza nami kwa uangalifu, akichagua maneno.

Kisha ukaleta ujumbe kupitia kwake. Eti mkono ulipelekwa kupimwa kwa ile rangi ya kupenya, na chuma kimekutwa kizima. Rangi tu, kama ulivyosema. Eti nimekunyima mbio bora ya maisha yako kwa ajili ya rangi.

Sawa. Tuchukulie ni kweli. Kipimo kile kinahitaji chuma kisafishwe, kipakwe, kisubiriwe, kifutwe, kinyunyiziwe unga mweupe, halafu ndipo ufa ujitokeze kama upo. Mimi nilikuwa na tochi, kitambaa, na mtu mwenye haraka. Wewe ukiona bendera ya njano huongezi mwendo kwanza ili ukahakikishe kama kweli kuna gari limekwama mbele. Unapunguza, hupiti mtu, na ukikuta njia imeshasafishwa humwendei aliyeishika ile bendera kumdai muda wako. Niliinua bendera ya njano, shemeji. Ndicho nilichofanya, na kesho nikiuona mstari ule mahali pale nitaiinua tena.

Unapenda kumtaja Ayrton Senna, bingwa wa Formula One. Kila aliyekaa chini ya turubai letu anajua kwamba mwaka 1981 alikuja Uingereza kuendesha Formula Ford 1600 na kutwaa ubingwa, kwenye gari la aina kama letu. Mtaje basi na Senna wa ajali iliyomuua Imola, Italia, 1994. Gurudumu la mbele kulia liling'oka na sehemu ya suspensheni, likamrudia kichwani, na kipande cha suspensheni kikapenya helmeti. Huyo alikuwa Senna, na timu yenye kila kipimo duniani. Sisi tulikuwa na tochi yangu.

Na kama unaona maisha ni yako, umri ni wako, mkumbuke Henry Surtees. Brands Hatch, Uingereza, 2009, miaka 18, mtoto wa John Surtees aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula One wa mwaka 1964. Gari lake halikuwa na kosa. Gurudumu lilitoka kwenye gari la mtu mwingine, likavuka njia, likamkuta kichwani, likamuua. Magari ya Formula One yamewekewa halo tangu 2018, ule upinde unaomkinga dereva kichwa. Letu halina. La rafiki yako uliyempa mkono wa akiba halina pia, naye alikuwa nyuma yako. Ungenitaka nimweleze nini mke wake? Kwamba ilikuwa rangi?

Mama alipofariki nilidhani tutamaliza. Alikuwa mama yangu kabla hajawa mkweo, lakini alikuita "dereva wangu" na hajawahi kuniita fundi wake. Ulikuja, sikatai, ulibeba jeneza bega lako likiwa mbele ya langu. Kisha ukapita ukiwapa watu pole mmoja mmoja, na uliponifikia mimi ukaangalia viatu vyangu, ukanipa vidole. Vidole vile, shemeji, sitaki kuviongelea hapa.

Huyo kijana. Asiyebisha ndiye anayenitia wasiwasi. Mwambie kila gari likiguswa, hata kidogo, asitosheke na kupima alaimenti. Avue gurudumu, aangalie mshono kwa mshono. Mwambie nati za magurudumu azikaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na azirudie baada ya mizunguko ya kwanza, hata kama umeshakaa kwenye kiti unapiga kelele, maana utapiga kelele. Aangalie lebo ya mikanda: mwaka wake wa mwisho umeandikwa pale, na nakumbuka ulikuwa unakaribia. Presha za tairi zilizo kwenye daftari langu ni za tairi baridi asubuhi. Akizitumia mchana kwenye jua gari litasukuma pua nje kwenye kila kona nawe utamlaumu yeye. Daftari nitampa dada akuletee. Sitalificha, mimi si mtu wa hivyo, ingawa kila namba iliyomo humo niliipata mimi kwa magoti yangu.

Na kona ile ya kugeuka nyuma, usiingie wa tatu. Ungesubiri mita chache tu ungewapita wote wawili mkitoka. Nilitaka kukwambia hilo siku ileile, kabla sijauona mstari.

Kuhusu ule mkono. Unasema ulipimwa. Dada hajauona, karatasi ya kipimo hakuna aliyeishika, na kwenye gari sasa hivi umefungwa mwingine, nasikia, mpya. Kama ulikuwa mzima, mpya wa nini? Niletee ule wa zamani. Nitausafisha mbele yako, nitaupaka ile rangi ya kupenya mbele yako, tutakaa kimya mpaka unga ukauke. Ukiwa mzima nitaufunga mwenyewe kwenye gari na kukaza bolti zake. Ukiwa na ufa hutalazimika kusema neno. Nirudishie tu spana yangu ya torki, bado iko kwenye sanduku lako, droo ya chini, na kijana wako nasikia anaitumia kama nyundo.