Bahasha ilisema mengi kuliko gari

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupotea kwa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, mwaka 1926 imerudia dai lililozoeleka: kwamba mwandishi huyo aliwashinda polisi wa Uingereza kwa sababu alikuwa bingwa wa kutunga mafumbo. Naomba nafasi nipinge. Aliyekuwa akitafutwa alipanda treni mchana kweupe, akachukua chumba hotelini na kula chakula cha jioni mbele za watu kwa siku kadhaa. Hakupatikana mapema kwa kuwa upelelezi ulianzia mahali pasipofaa na ukang'ang'ania hapo.

Katika kesi ya mtu aliyepotea, kazi ya kwanza ni kupanga matukio kwa saa. Hiyo hutangulia mbwa wa kunusa na picha za magazetini.

Ijumaa tarehe 3 Desemba, saa nne kasoro robo usiku, Christie aliondoka nyumbani kwake Sunningdale, Berkshire, akiendesha gari lake aina ya Morris Cowley. Mumewe, Archie, alikuwa kwa marafiki karibu na Godalming, Surrey, pamoja na Nancy Neele, mwanamke ambaye Archie alitaka kumwoa. Asubuhi ya Jumamosi gari lilikutwa Newlands Corner, karibu na Guildford, limenasa vichakani juu ya machimbo ya chokaa. Ndani mlikuwa na koti la manyoya, begi dogo la safari na leseni ya udereva iliyokwisha muda wake.

Jumamosi hiyohiyo asubuhi, barua iliyoandikwa kwa mkono wake ilipigwa muhuri wa posta jijini London. Ilikwenda kwa Campbell Christie, ndugu wa mumewe, na ilisema kwamba anakwenda kupumzika kwenye mji wa maji ya tiba huko Yorkshire. Campbell aliipoteza barua yenyewe, ila bahasha yenye muhuri ilibaki.

Mambo yote yamo humo. Gari linatuambia mtu alikuwa wapi usiku. Bahasha inatuambia, kwa uzito mkubwa, alikuwa wapi baada ya gari kuachwa, tena inataja anakoelekea. Kanuni ya makachero ni kuanzia kwenye dalili ya mwisho ya uhai na kusonga mbele kutoka hapo. Kitu kilichotelekezwa hakipewi nafasi hiyo hata kikiwa kikubwa kiasi gani.

Ni haki kusema muhuri wa posta peke yake hauthibitishi kwamba mtu yu hai. Unaonyesha saa barua ilipopita mezani kwa karani, hauonyeshi nani aliitumbukiza sandukuni. Pengine alimpa mtu amtumie. Kwa hiyo bahasha nayo hupimwa. Mwandiko unalinganishwa na barua nyingine za nyumbani, alama ya kituo cha posta inasomwa ili kujua ni mtaa upi wa London, na posta inaulizwa sanduku la mtaa huo hufunguliwa saa ngapi. Kazi hiyo ni ya askari mmoja kwa siku moja, pamoja na simu ya maandishi kwenda Yorkshire. Iweke kwenye mizani na kilichofanyika Surrey: bwawa la Silent Pool lilipekuliwa hadi chini, ndege zikarushwa, na Jumapili tarehe 12 Desemba maelfu ya watu wa kujitolea wakamwagwa vilimani.

Kwa nini gari lilishinda? Sababu moja ni ya kiutawala, na makala yenu haikuigusa. Nyumba ilikuwa Berkshire, gari likapatikana Surrey, na kila eneo lilikuwa na polisi wake. William Kenward, naibu mkuu wa polisi wa Surrey, aliamini kuwa Christie amekufa na mwili uko karibu na gari. Mrakibu Charles Goddard wa Berkshire aliamini yu hai. Scotland Yard, yaani polisi wa London, kwa utaratibu wa wakati ule, hawakuchukua kesi ya mikoani mpaka waombwe na mkuu wa polisi wa eneo husika. Basi imani ya yule ambaye gari lilikutwa kwenye ardhi yake ndiyo iliyopata watu na vifaa. Goddard alikuwa sahihi, lakini msako haukuwa mikononi mwake.

Sababu ya pili ni lile koti. Usiku wa Desemba, baridi kali, koti limeachwa: wengi husoma kifo hapo. Lakini tangazo la polisi wenyewe lilisema aliondoka na mkoba mweusi wenye pauni 5 au 10, na kwamba hakuvaa pete ya ndoa. Mtu aliyebeba pesa anaweza kununua tiketi na koti jingine. Na pete iliyovuliwa ingempeleka mpelelezi moja kwa moja kwenye ndoa ile, na majina ya watu waliohusika nayo.

Hapo ndipo penye kosa linaloniuma zaidi. Katika hoteli ya Swan Hydropathic mjini Harrogate, mji wa maji ya tiba huko Yorkshire, Christie alijiandikisha kama Bi. Teresa Neele wa Cape Town. Neele! Watu wanaobadilisha jina mara nyingi hawalitungi kutoka hewani. Huchukua la mama, la rafiki, la mtu anayewaumiza. Ukipekua daftari za hoteli kwa kutafuta "Christie" hupati kitu. Daftari hupekuliwa kwa tarehe ya kuwasili kwanza: nani alifika Jumamosi tarehe 4 au siku inayofuata, mwanamke peke yake, mizigo kidogo, hakuwa ameweka nafasi. Kisha orodha hiyo inalinganishwa na majina yote ya watu wa karibu. Na tarehe 11 Desemba gazeti la The Times lilichapa tangazo dogo likiwaomba jamaa na marafiki wa Teresa Neele, aliyetoka Afrika Kusini, wawasiliane. Jina lilikuwa limechapwa, linauzwa mitaani, siku moja kabla ya msako mkubwa wa Surrey.

Msako wenyewe ulikuja kwa kuchelewa. Kupekua ardhi kwa mistari kuna faida siku ya kwanza na ya pili, kila kundi likiwa na kiongozi na mipaka iliyowekwa alama. Baada ya siku tisa, watu wakiwa wamekwishatembea kila upande kuangalia mahali gari lilipokutwa, unyayo hauna tena maana, wala kitambaa kilichoangushwa.

Kuhusu magazeti, gazeti la Daily News lilitangaza zawadi ya pauni 100 na kuchapa picha za namna Christie angeweza kuonekana akijibadilisha. Zawadi huleta taarifa, na huleta pia watu waliomwona kila mahali. Kinga yake inajulikana: polisi huficha jambo moja wasilichapishe, mfano kovu au namna ya kuongea, ili mtoa taarifa apimwe nalo. Tangazo linaloelezea nguo huchakaa haraka sana, kwani Christie alinunua nguo mpya alipofika Harrogate. Habari ya Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, kumpelekea mpiga ramli glavu ya Christie, mliyoipa aya mbili, haikusaidia lolote.

Waliomtambua ni wapiga muziki wawili wa bendi ya hoteli, wakaenda polisi wa Harrogate. Tarehe 14 Desemba Archie aliletwa, akamtambua mkewe aliposhuka kwa chakula cha jioni. Baadhi ya wafanyakazi wa hoteli walikuwa wameshamshuku kabla, lakini wafanyakazi wa hoteli hufundishwa kutunza siri za wageni. Hawaji kituoni wenyewe. Ni mpelelezi anayepaswa kuwafuata, akianza na wanaotandika vitanda.

Nawaomba pia mfute sentensi inayosema yote yalikuwa ujanja wa kuuza vitabu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huohuo, ndoa ikawa inavunjika (talaka ilitoka 1928), na madaktari wawili waliomwona walisema amepoteza kumbukumbu. Katika tawasifu yake, iliyotoka 1977, alizipita siku zile 11 kimya. Gazeti halina ushahidi wa kumwita mwongo, na ndugu wa mtu aliyepotea leo wanaosoma sentensi kama hiyo wataogopa kwenda kutoa taarifa, wasije kuambiwa mtu wao anaigiza.

Msomaji wenu