Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mtwara

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi, wazee wetu mliostaafu kazini, na vijana mlio mafunzoni, nawakaribisha.

Naanza na kauli ninayopaswa kuiondoa. Katika mkutano uliopita nilisimama hapa na kuwaambia kwamba chombo chetu cha karakana kinaonyesha masafa ya umeme wa Mtwara, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, au frikwensi kama tunavyoiita kazini, yakikaa kwenye hezi 49.8 mchana kutwa badala ya 50. Baadhi yenu mliwapelekea wateja habari hiyo, na kuna waliolaumu injini zao za pampu kwa sababu yake. Haikuwa kweli. Umeme ulikuwa sawa. Iliyokosea ni saa iliyomo ndani ya chombo chetu. Nawaomba radhi.

Tuligundua hivi. Wenzetu wa Lindi walitengeneza chombo chao, wakaja nacho, tukavichomeka vyote viwili kwenye soketi moja. Chetu kikasema 49.8, chao 50.1. Vyote vinaandika tarakimu tatu baada ya nukta, na kwa muda mrefu tarakimu hizo ndizo zilizotupa imani. Lakini chombo kinachopima masafa kinahesabu mizunguko na kuigawa kwa muda. Muda ukiwa wa uongo, jibu haliwezi kuwa la kweli. Tulipofungua maboksi tukakuta chipu zote mbili zinapata saa yake kutoka kwenye kipande cha seramiki, ambacho kinaweza kukosea nusu asilimia. Nusu asilimia ya hezi 50 ni robo hezi! Tulikuwa tunapima kosa letu wenyewe. Tukaweka kristali ya kawaida, yenye kosa la sehemu 50 katika milioni, na kosa la saa likashuka hadi hezi 0.0025. Fundi mmoja kijana ndiye aliyezichomelea zote mbili kwa risasi usiku mmoja, na ninamshukuru mbele yenu.

Masafa yakatulia. Pembe, yaani mahali wimbi la volti lilipofika katika mzunguko wake, haikutulia, na hapo ndipo tulipotumia sehemu kubwa ya mwaka.

Mnajua kwamba umeme hutiririka kutoka mahali ambapo pembe ya volti iko mbele kwenda mahali ilipo nyuma. Tukiweza kusoma pembe ya Mtwara na ya Lindi kwa wakati uleule, tutaona jinsi mzigo unavyosafiri kwenye laini. Neno lenye uzito ni wakati uleule. Watu wawili wakiandika kina cha maji ya Mikindani, huku saa zao zikipishana dakika kumi, watabishana hadi usiku ingawa kila mmoja aliona sawasawa. Kwa umeme wa hezi 50, milisekunde moja ya kupishana ni nyuzi 18 nzima kati ya 360 za mzunguko. Maikrosekunde moja ni nyuzi 0.018. Ndiyo maana Arun Phadke na James Thorp, waliotengeneza katika chuo cha Virginia Tech, Marekani, miaka ya 1980 chombo cha kwanza cha kupima fasori, yaani mshale unaoonyesha ukubwa na pembe ya volti, walichukua saa kutoka kwenye setilaiti za GPS. Nasi tumefunga antena ya GPS Mtwara. Mara ya kwanza tuliiweka chini ya bati ikawa haioni kitu. Sasa iko juu ya mlingoti.

Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2018 cha vyombo vya aina hii kinataka kosa la jumla la fasori lisizidi asilimia 1 umeme unapokuwa umetulia. Kosa lote likiwa la pembe, hiyo ni nyuzi 0.57, au maikrosekunde kama 32. Lakini kiwango kinakihusu chombo chenyewe tu. Transfoma ya volti ya daraja la usahihi la 0.5, inayokitangulia chombo kwenye kituo cha kupozea umeme, imeruhusiwa kupotosha pembe kwa theluthi moja ya nyuzi. Mafundi wenzangu, usahihi ununuliwe kuanzia kwenye transfoma. Nimesikia watu wakitaka programu mpya kila mwezi. Mimi ningeanza kwa kukagua transfoma na nyaya zake.

Hata hivyo ukokotoaji una sehemu yake, hasa kwetu. Mikoa yetu imeendeshwa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa, kwa gesi ya Mnazi Bay na mashine chache. Gridi ndogo ina inesha ndogo, yaani uzito mdogo wa mashine zinazozunguka, kwa hiyo mzigo mkubwa ukiingia ghafla, tuseme kiwanda cha kubangua korosho kikiwasha mitambo, masafa hutikisika kuliko kwenye gridi kubwa. Kanuni iliyozoeleka ya kukokotoa fasori hukata kipande cha wimbi cha milisekunde 20, mzunguko mmoja wa hezi 50. Masafa yakiwa 49.8, mzunguko unachukua milisekunde 20.08, kipande hakitoshi, na jibu linaanza kuyumba. Mshale wa fasori nao unarudi nyuma nyuzi 72 kila sekunde, na kasi hiyo ya kurudi ndiyo inayotupa masafa yenyewe. Tukatumia kipande cha mizunguko minne kilichofifishwa kingo zake. Kuyumba kumepungua sana. Gharama yake ni kuchelewa: kwa kinga ya laini, inayoizima ikipata hitilafu, tungehitaji kipande kifupi, kwa kupima tunavumilia kirefu. Nadhani tulichagua sawa, maana sisi hatuzimi laini ya mtu.

Laini ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru hadi Masasi imekusudiwa kutuunganisha na Gridi ya Taifa. Tukiwa ndani ya gridi kubwa masafa hayatatikisika sana kama sasa, na pembe ndiyo itakayokuwa na habari nyingi. Nataka tuwe tumejifunza kuisoma kabla ya hapo.

Ada na matumizi atavisoma mweka hazina. Vikao vya kila mwezi viliendelea, isipokuwa wakati wa msimu wa korosho.

Kilichobaki ni Lindi. Chombo kipo, kristali ipo, antena ya pili tunayo. Tunachokosa ni paa lisilofunikwa na miembe, lenye umeme usiokatwa na mwenye nyumba. Mwanachama wa Lindi mwenye nafasi hiyo amwone katibu leo kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti