Barua kwa mdogo wangu aliyeko kambini

Mdogo wangu,

Uliponiambia kwamba mahari umeshatoa ila harusi inasogezwa tena kwa sababu umehamishwa kituo, nilimkumbuka Ulysses Grant, yule jenerali wa Marekani aliyekuja kuwa rais. Vita vyake niviache. Nataka umjue alipokuwa luteni mchanga asiye na kitu.

Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1843, akiwa wa 21 kati ya 39, akapangiwa kambi ya Jefferson Barracks karibu na mji wa St. Louis. Jirani na hapo walikaa kina Dent, kwao rafiki aliyelala naye chumba kimoja chuoni. Ndiko alikompata Julia, dada wa rafiki huyo.

Mwaka 1844 kikosi kikaondoka kwenda Louisiana yeye akiwa likizo. Akapanda farasi amfuate Julia kwanza. Kijito cha Gravois kilikuwa kimefurika; akamwingiza farasi majini, mkondo ukawazoa, akatokea ng'ambo amelowa chepechepe. Akaazima nguo za kaka yake Julia, ambazo hazikumkaa, na hakuondoka mpaka aliposema kilichompeleka.

Baba mkwe alisita: mshahara wa askari mdogo, leo huku kesho kule. Ikaja vita ya Mexico. Miaka minne ya uchumba, wakaonana mara moja tu. Kilichobaki ni barua. Walioana tarehe 22 Agosti 1848. Wazazi wa Grant hawakuhudhuria, kwa kuwa kina Dent walimiliki watumwa, na kwa hilo mimi nawaelewa kabisa.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1852 alipelekwa pwani ya Pasifiki kupitia Panama, ambako kipindupindu kiliua wengi wa msafara. Julia, mjamzito, alibaki. Mtoto akazaliwa baba hayupo. Julia akamtumia barua yenye alama ya kiganja cha mtoto, iliyochorwa kwa penseli. Grant akalima viazi apate pesa ya kuwaleta. Mto Columbia ukafurika, ukaharibu shamba. Aprili 1854, akiwa kapteni, akaandika barua ya kuacha jeshi.

Aliyeweza kungoja miaka minne akiwa mchumba hakuiweza miwili akiwa baba. Ndiyo maana nakusihi: usifunge ndoa kisha ukamwacha huku kwetu. Omba ruhusa, fungeni ndoa ndogo, uende naye hukohuko. Ukumbi tuusahau. Nauli yake nitatoa mimi.

Kaka yako