Mchezo ulionunuliwa usizimwe

Mhariri,

Naandika kuhusu umiliki wa michezo ya video. Machi 31, 2024, kampuni ya michezo ya Ubisoft ilizima seva (kompyuta zinazouendesha mchezo kupitia intaneti) za The Crew, mchezo wa magari uliotoka mwaka 2014 na usiochezeka bila seva hizo, na walioulipia wakabaki mikono mitupu, hata wenye diski. Ni dhuluma. Mwenye kompyuta ana afueni kidogo: duka la GOG humruhusu kupakua mchezo na kuuhifadhi mwenyewe, bila kufuli lolote la kidijitali. Mwenye mashine ya michezo kama PlayStation au Xbox anayenunua kidijitali hana njia hiyo; duka ni la mtengenezaji wa mashine.

Tangu 2025, sheria ya California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waeleze wazi kwamba mteja anapewa leseni ya kutumia tu, si umiliki. Haitoshi. Serikali ziwalazimishe watengenezaji, kabla ya kuzima seva, watoe toleo linalochezeka bila intaneti.

Msomaji wenu