Mteja Akodi Boti, Asikodi Uamuzi wa Nahodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu safari za siku moja za kwenda visiwani, ambazo siku hizi zinatangazwa kwa wingi hapa Mwanza. Nazungumzia zile safari binafsi, ambapo familia au kikundi cha marafiki hukodi boti nzima pamoja na nahodha na mwongozaji wao, wakaondoka asubuhi na kurudi jioni bila kuchanganywa na abiria wengine. Ni biashara nzuri, na inanifurahisha kuona kwamba wateja wake si wageni kutoka ng'ambo peke yao, bali pia watumishi na wafanyabiashara wa hapa hapa, ambao zamani waliamini kuwa utalii umewekwa kwa ajili ya watu wengine. Ninachokipinga ni ahadi moja ninayoikuta katika matangazo mengi, kwamba boti ikishakodiwa, mteja ndiye atakayepanga saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Ahadi hiyo isingekuwa na madhara kama tungekuwa tunakodi teksi. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa upana huo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo kadiri jua linavyopanda ndivyo upepo unavyovuma kutoka ziwani kuja ufukweni na mawimbi kuinuka. Usiku mambo hugeuka: upepo wa kutoka nchi kavu za pande zote hukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, hewa hiyo hupanda juu, na ndiyo sababu radi na mvua kali za katikati ya ziwa hupiga zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Aidha, kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho wageni wengi hukipenda kwa kuwa hakina mvua, ndicho kipindi ambacho upepo wa kusini-mashariki unaweza kuchafua ziwa hata chini ya anga nyeupe kabisa. Wavuvi wa dagaa wanaokesha na taa zao wanayajua haya bila kufundishwa na mtu. Mteja aliyeshuka kwenye ndege jana hawezi kuyajua, na si kosa lake. Anaona maji yametulia saa mbili asubuhi, naye anaamini yatakuwa vivyo hivyo saa kumi na moja jioni.

Nafahamu kwamba wenye boti wana jibu lao. Watasema kuwa boti zao hazijazi watu, kwamba kila abiria ana jaketi lake la kujiokolea, na kwamba ajali zinazokumbukwa katika ziwa hili zilitokana na vyombo kupakia kupita kiasi. Ni kweli kwamba kumbukumbu zetu ziko huko. Tarehe 21 Mei 1996 tuliipoteza MV Bukoba pamoja na mamia ya watu, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara; kilitengenezwa kubeba watu 101, na waliopoteza maisha peke yao walikuwa 228. Baada ya msiba huo tumejifunza kuhesabu vichwa kabla chombo hakijang'oa nanga, na hilo ni jambo jema. Lakini boti iliyokodiwa na watu watano hufaulu mtihani huo bila jasho, na kwa kuwa imefaulu, watu wengi huiona kuwa ni salama kwa kila kitu. Hakuna anayeuliza kama ina injini ya akiba, kama mafuta yanatosha endapo italazimu kuzunguka mawimbi badala ya kuyakata, au kama kuna mtu wa pili anayeweza kushika usukani iwapo nahodha atapatwa na jambo. Katika kivuko chenye abiria mia moja daima yupo mama mmoja atakayepaza sauti kwamba mbona hali si nzuri. Katika boti binafsi wote ni wa nyumba moja, wamefurahi, na mwenye mamlaka ya kusema neno ni yule yule aliyelipa.

Hivi karibuni, katika mwalo (mahali boti zinapotia nanga ufukweni) ambao sitautaja, nilikuwepo wakati nahodha mmoja kijana akiwaambia wateja wake kwa adabu kwamba ni vema waondoke kisiwani kabla ya saa tisa na nusu. Baba wa familia ile alimjibu kwamba amelipia siku nzima na kwamba watoto wanataka kuliona jua likizama wakiwa kule juu ya miamba. Nahodha akampigia simu mwenye boti, akasikiliza, kisha akanyamaza. Nikaambiwa baadaye na wenzake kwamba aliagizwa awasikilize wateja. Huku kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na kwa kuwa tuko jirani na Ikweta, giza haliji taratibu. Walirudi usiku, wamelowa mpaka nywele, watoto wakitetemeka, nao hawakudhurika. Siwalaumu wateja wale hata kidogo, kwa sababu tangazo lilikuwa limewaambia kwamba muda ni wao.

Kiini cha tatizo, kwa maoni yangu, ni namna fedha zinavyogawanywa. Manahodha ninaowafahamu hulipwa kwa safari. Boti isipoondoka, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye boti naye ameshanunua petroli na ameshapokea malipo ya awali ambayo hataki kuyarudisha, na mwongozaji anategemea bakshishi. Watu watatu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kusema hapana ndio hao hao watakaolala njaa wakisema hapana. Kumpa mtu kama huyo mafunzo ya usalama kisha kumwacha na malipo ya namna hiyo ni kumtwisha mzigo usio wake. Dawa yake haihitaji sheria mpya: mwenye boti amlipe nahodha ujira wa siku hata safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, na mteja aandikiwe tangu mwanzo kwamba safari ikiahirishwa atapewa siku nyingine au atarudishiwa fedha zake, baada ya kukatwa kiasi kinachojulikana. Gharama hiyo iingizwe katika bei. Mteja anayeweza kukodi boti nzima hatashindwa kuongeza kidogo.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wageni wakimbilie Zanzibar. Nawashauri wakaangalie mambo yanavyokwenda huko. Anayekodi boti ya kwenda kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, nje kidogo ya Mji Mkongwe, huambiwa mapema saa ya kwenda na saa ya kuondoka, kwa sababu maji yakijaa fungu lenyewe humezwa, na sijapata kusikia mgeni akigombana na bahari kwamba amelipia siku nzima. Sisi hatuna maji kupwa na kujaa ya kumwonyesha mteja kwa kidole. Upepo wetu hauna ratiba iliyochapishwa ukutani, kwa hiyo ni lazima neno la nahodha lishike nafasi ya ratiba hiyo.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: ikiwa mteja hapangi muda, basi analipia nini katika safari binafsi? Analipia mambo mengi, na inasikitisha kwamba matangazo yetu hayayataji. Chukua Kisiwa cha Saanane, ambacho unakiona ukiwa umesimama Capri Point na ambacho boti hukifikia kwa dakika chache tu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, nayo pamoja na maji yake haizidi sana kilomita za mraba mbili. Hapo ndipo palipoanzishwa bustani ya kwanza ya wanyama ya serikali mwaka 1964, baada ya kisiwa kuchukuliwa kutoka kwa Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi ambaye jina lake ndilo lililobaki. Anayekwenda na kundi kubwa hupandishwa mlimani, akapigwa picha na mwamba, akashushwa. Anayekwenda na mwongozaji wake mwenyewe anaweza kukaa kimya nusu saa akiwatazama pimbi wakiota jua, akaonyeshwa mahali kenge anapopenda kupita, akaelezwa jinsi swala pala walivyofikishwa kwenye kisiwa ambacho wasingeweza kukiogelea. Bibi mwenye magoti mabovu hatakimbizwa kwenye mawe. Mtoto mwenye maswali ishirini atajibiwa yote. Hiyo ndiyo faida ya kukodi peke yenu, na yote hayo yanawezekana kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana.

Uongozaji wa namna hiyo, hata hivyo, unahitaji mtu anayekijua kisiwa. Nimesikia waongozaji wakisimulia habari za Serengeti wakiwa Saanane, kwa sababu huko ndiko walikosomea kazi, na jina la Mzee Saanane hawalijui kabisa. Vijana waliokulia Kirumba, Igombe na Luchelele, ambao baba zao ni wavuvi, wangeifanya kazi hii kwa ufasaha zaidi wakisaidiwa kupata mafunzo na leseni, nao wana jambo moja la ziada ambalo darasani halipatikani: wakiambiwa na nahodha kwamba upepo umebadilika, wataelewa anachokisema na watamsaidia kuwashawishi wateja badala ya kumgeuka.

Kuhusu visiwa vya mbali, nitasema kwa kifupi. Ukerewe kwa siku moja inawezekana kwa anayeondoka mapema, akaiona ikulu ya zamani ya chifu kule Bukindo na miamba ya Handebezyo, na kama ziwa limechafuka akarudi kwa kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya na kupitia Bunda. Mwongozaji makini humweleza mteja njia hiyo kabla hawajaondoka Mwanza. Rubondo ni habari nyingine. Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba zipatazo 457, ambako Profesa Bernhard Grzimek, mwanahifadhi wa Kijerumani, na wenzake walipeleka sokwe kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, si mahali pa kwenda na kurudi kwa boti siku hiyo hiyo kutoka hapa, na hata baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko, bado kuna mwendo mrefu wa gari hadi Nkome au Kasenda kabla ya kupanda boti. Anayekutangazia Rubondo ya siku moja kwa bei ya chini, na bila ndege, anakuuzia siku nzima ya barabarani.

Lipo pia suala la kuogelea, ambalo kwa mshangao wangu huwekwa katika matangazo kama kivutio. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho huishi kwenye maji tulivu yenye majani kando ya fukwe zetu, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajavua viatu, na kuambiwa kwamba dawa yake ipo na inapatikana hospitalini. Yuko pia mamba, ambaye hasomi matangazo.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike. Kila safari binafsi iwe na karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa mteja, ikitaja kilichomo katika bei na kisichokuwamo. Kiingilio cha hifadhi kilipwe kwa kumbukumbu namba ya serikali, na mteja aione risiti yake, asikabidhi fedha taslimu kwa mtu. Orodha ya majina ya waliomo kwenye boti, kisiwa wanachokwenda na saa ya mwisho ya kurudi iachwe kwa viongozi wa mwalo, ili boti ikichelewa pawe na mtu nchi kavu anayejua kwamba imechelewa. Shirika la Uwakala wa Meli, ambalo ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo majini, lisiishie kuhesabu majaketi okozi ya boti za watalii, bali liulize pia nahodha analipwaje siku ambayo hakusafiri. Saa ya mwisho ya kurudi iwekwe na nahodha, naye akiamua kuiwahisha, uamuzi huo usihitaji simu ya mwenye boti.

Na kwako wewe Mhariri nina ombi la mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa Ziwa Victoria, lakini sisi wa huku mara nyingi tunasoma magazetini joto la Dar es Salaam na mvua za Arusha. Tafadhali utafutieni nafasi katika matoleo ya Ijumaa na Jumamosi, hata kama ni kipande kidogo chini ya ratiba za mpira, ili familia inayojiandaa kwenda kisiwani iuone kabla haijatuma malipo ya awali.

Wako,
Mkazi wa Kirumba,
Mwanza.