Barua kwa Wanangu Mnaoanza Kuchora Mitambo kwa Kompyuta

Kwenu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo, Nairobi.

Wanangu,

Natumai hamjambo na masomo yanaendelea. Mjukuu wangu, aliyejiunga nanyi muhula huu, ameniuliza ni programu ipi ya kuchora aanze nayo, na kwa kuwa nasikia swali hilo linawakosesha wengi usingizi, nimeona niwajibu nyote kwa pamoja.

Jibu lenyewe ni fupi. Jifunzeni ile inayofundishwa darasani kwenu, na asiye na fedha za leseni atumie FreeCAD, ambayo hutolewa bila malipo. AutoCAD ilitoka mwaka wa 1982 na SolidWorks mwaka wa 1995, nami nilikuwa nimekwisha kuzoea rula na wino kabla ya kushika kipanya. Aliyeijua moja barabara huizoea nyingine bila taabu kubwa. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mnakariri vitufe kabla ya kukijua kitu mnachokichora.

Nikiwa kijana katika karakana moja ya Eneo la Viwanda, nilipewa kazi ya kuchora shafti, yaani mhimili unaozunguka, ya mashine ya kusaga unga, iingie kwenye beringi namba 6208, ile pete ya chuma inayoushika mhimili uzunguke kwa wepesi. (Tarakimu mbili za mwisho, 08, ukizizidisha kwa tano unapata tundu la milimita 40, litawafaa siku mkitumwa dukani.) Nikaandika kipenyo 40, nikaridhika. Fundi wa lethi, mashine ya kukerezea, akakereza hadi kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, ikasoma 39.9, na kwa mchoro wangu hakuwa amekosea, kwa maana sikumwambia popote ni tofauti kiasi gani inayovumilika. Beringi iliingia kwa kusukumwa na kidole, na baada ya siku chache shafti ikawa inateleza ndani yake, ikalika hadi ikafanya mfereji. Nilipaswa kuandika 40 k6, yaani shafti izidi 40 kwa milimita 0.002 hadi 0.018, ili beringi iishike. Kompyuta ingewachorea vitu hivyo viwili vikiwa kama chanda na pete, rangi zinang'aa, wala isingewaonya kwa neno lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kompyuta, tafuteni kalipa na kitu cha kweli: pedali ya baiskeli, bomba bovu la maji, chochote. Kipimeni, mkichore kwa penseli kutoka mbele, juu na ubavuni, kisha ndipo mfungue programu. Hapo mtagundua kwamba kila kipimo ni uamuzi. Kibao chenye matundu mawili ya bolti kinaweza kupimwa kila tundu kutoka ukingoni, au tundu moja kutoka kwa jingine. Picha ni ile ile, lakini ikiwa bolti hizo zitaingia kwenye matundu ya kipande kingine, umbali kati ya tundu na tundu ndio usiopaswa kuyumba, na huo ndio wa kuandikwa.

Katika SolidWorks mstari ambao haujapewa vipimo vyote hubaki buluu, ukikamilika hugeuka mweusi. FreeCAD nayo huugeuza kijani. Msiipuuze rangi hiyo kwa sababu umbo linaonekana sawa. Shika kona kwa kipanya uivute: ikisogea, kuna jambo ambalo hujaliamua, na usipoliamua wewe ataliamua fundi.

Angalieni pia mpangilio wa sura za mchoro. Marekani hutumia pembe ya tatu, ambapo sura ya juu huwekwa juu ya sura ya mbele. Ulaya hutumia pembe ya kwanza, ambapo huwekwa chini yake. Anayekosa kuweka alama ya koni iliyokatwa kichwa, inayoonyesha ni mpangilio upi uliotumika, hana haki ya kumlaumu fundi aliyetoboa upande usiofaa.

Mchoro ukikamilika, upelekeni Kariobangi au Kamukunji, mwombe fundi kwa heshima awaambie angekishika wapi kipande hicho wakati wa kukitengeneza. Msibishane naye, andikeni.

Mjukuu wangu ameanza na bawaba ya lango letu. Hadi jana usiku mistari miwili ilikuwa bado buluu.

Ni mimi babu yenu,
Mchoraji mitambo mstaafu, Buruburu.